Sahani ya Zamu

Mkahawani, tarehe 4 Juni

Mdogo wangu,

Jumapili ulinikatia simu. Sawa. Barua haikatwi, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho hata kama unasoma umenuna.

Mambo yenyewe ni haya. Ijumaa jioni watu wamejaa, mimi niko kaunta napanga glasi, akaingia mkaguzi mpya wa leseni wa halmashauri. Huku tunamwita Bwana Futi, maana hatembei bila futi kamba mfukoni. Alipohamia tu alianza kwa kupima upana wa milango ya vyoo. Safari hii hakupima kitu. Alipita meza moja moja akiangalia mbele ya watu. Meza ya dirishani akamkuta Fundi Saa, yule jirani yangu mwenye kibanda cha kutengeneza saa, ameketi na wenzake, chupa za bia zimesimama na mezani hakuna hata kijiko. Akawauliza mlo wao uko wapi. Fundi Saa, na mdomo wake unaujua, akamjibu kwamba mlo umo ndani ya chupa. Watu wote wakacheka. Bwana Futi hakucheka, akaandika.

Leseni yetu unaijua kuliko mimi: kileo kwa mteja aliyeketi, tena kiandamane na mlo. Sisi ni mkahawa, si baa. Sasa nimeitwa mbele ya kamati ya leseni mwisho wa mwezi nieleze kwa nini nisinyang'anywe. Wakininyang'anya, wateja wa jioni watavuka barabara, na mchana peke yake hauwezi kubeba kodi ya chumba hiki. Nitafunga. Mama aliuanza mkahawa huu kwa jiko la kuazima, mimi niumalize kwa mdomo wa Fundi Saa? Sikubali.

Nilichokuomba kwenye simu ndicho nakuomba tena. Bwana Futi mmesoma naye chuo, mmelala chumba kimoja, mmevaliana mashati. Mpigie. Neno moja tu, aandike kwamba chakula kilikuwa njiani. Viazi vilikuwa kwenye mafuta kweli. Vya nani, hilo hakuna aliyeuliza.

Msalimie wifi yangu.

Dada yako


Ofisi ya leseni, tarehe 9 Juni

Dada, shikamoo.

Nilikata simu kwa sababu nilijua ukiendelea kidogo nitasema ndiyo.

Sitampigia. Usikasirike kwanza, nisikilize. Kazi yangu huku ni ileile ya Bwana Futi. Wiki iliyopita nimeifunga baa ya mama mmoja aliyekuwa akiwauzia watoto wa shule kupitia dirisha la nyuma. Alinililia, akaniita mwanangu, akanitajia kijiji cha mjomba wake kama kwamba nakijua. Nikatia saini hivyohivyo. Nitamwambiaje mama yule kwamba dada yangu mimi ana sheria yake? Na nikimpigia Bwana Futi leo, kesho atanipigia yeye. Naye ana shangazi, ana mashemeji, na wote wana baa.

Fanya hivi. Kuanzia leo, hakuna sahani, hakuna chupa. Waambie wahudumu, wakusikie vizuri. Anayetaka kunywa bila kula muoneshe mlango kwa heshima. Halafu nenda kwenye kikao ukaseme wazi: Ijumaa ile tulikosea, tumejirekebisha. Kamati hizi nimezikalia. Mtu akikiri mapema, tena kosa la kwanza, mara nyingi anaonywa na kurudishwa kazini kwake. Wanachochukia ni kudanganywa.

Wifi yako amesoma barua yako kabla yangu. Ananipa chai bila kuniangalia.

Mdogo wako


Mkahawani, tarehe 14 Juni

Bwana Afisa,

Nimekuelewa. Nimekulea, nimekufunga kamba za viatu, leo unanipa mafunzo ya leseni. Haya, mwalimu, asante.

Na ujue nimekutii. Hakuna sahani, hakuna chupa. Siku ya kwanza nilipowaambia wateja, nusu waliinuka. Wananiambia wametoka kazini wameshiba, wanataka kupooza koo tu, niwalazimishe kula ili iwe nini. Nilikaribia kulia pale kaunta. Aliyeniokoa ni Mzee wa Trei, yule mhudumu wetu mkongwe aliyekuwapo tangu enzi za mama. Akaniambia, mama, sheria inataka mlo uwe mezani. Haijasema uingie tumboni. Akatia viazi vya kukaanga na paja la kuku kwenye sahani, akaenda kuiweka mbele ya Fundi Saa. Fundi Saa akanywa zake, akaondoka. Sahani ikarudi jikoni ikapashwa moto, ikaenda meza nyingine. Kesho yake hivyohivyo. Tunaiita sahani ya zamu. Wahudumu wanaulizana, sahani iko zamu wapi? Nakwambia tumecheka mpaka mpishi akaomba akae.

Bwana Futi amepita mara mbili tangu hapo. Kasimama nje dirishani, kachungulia, kaona chupa na chakula pamoja, kaenda zake. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kwa hiyo hili la sasa nimelimaliza mwenyewe. Lililobaki ni ile Ijumaa. Kukiri sikiri, mtu akikiri kwenye mji huu jina lake linakuwa wimbo. Neno lako moja kwa Bwana Futi lingetosha. Bado nakuomba, na hii si ya utani.

Dada yako, aliyekupeleka shule


Ofisi ya leseni, tarehe 18 Juni

Dada,

Iondoe hiyo sahani leo. Usingoje kesho.

Naona unaifanyia mzaha na mimi nimeisoma jasho likinitoka. Meza tupu ni kosa, linasameheka. Sahani hiyo ni njama. Ikijulikana hawatakuonya, watakufuta kabisa, na jina lako litapelekwa kwenye kila halmashauri usipate leseni popote. Nimewahi kuandika ripoti ya namna hiyo kwa mkono wangu. Na siku mtu akiila je? Kuku anayepashwa kila siku si kuku tena.

Kuhusu simu, jibu ni lile. Usiniombe tena, dada. Kila unaponiomba nalala vibaya.

Mdogo wako


Nyumbani, tarehe 25 Juni

Dada, shikamoo.

Nimesubiri barua yako haikuja. Nimepiga simu mkahawani, inaita tu. Jana wifi yako amepata habari kwa Mzee wa Trei kwamba huli, kwamba umewaambia wafanyakazi waanze kutafuta kazi kwingine, na kwamba unakaa jikoni peke yako hutaki kusemeshwa. Wifi yako akaniambia neno moja: akifa huyo, utamzika na hiyo kanuni yako.

Nimempigia Bwana Futi.

Nilifikiri atanikatalia. Nilitaka anikatalie, nimwambie basi, nimejaribu, nirudi kwenye kiti changu. Hata hakuniuliza mara mbili. Alicheka, akanikumbusha mashati ya chuo, akasema ripoti bado haijafungwa, ataandika kwamba mlo ulikuwa umeagizwa na ulikuwa unaletwa mezani, na kwamba alipopita tena alikuta kila kitu sawa. Akaongeza kwamba naye siku moja atakuwa na neno dogo la kuniomba. Nikasema sawa. Ni rahisi hivyo, dada. Miaka yote nilidhani ni mlima.

Sasa wewe nenda kwenye kikao, itika jina lako, kaa kimya, toka. Wakikuuliza, sema umeisikia ripoti. Usiongeze kitu. Halafu ile sahani itupe, tusiizungumzie tena mpaka tunazeeka.

Nimefanya kwa sababu ni wewe. Kwa mwingine nisingefanya, na sitafanya tena. Kula chakula.

Mdogo wako


Mkahawani, tarehe 28 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Simu zako niliziona zikiita. Sikupokea kwa makusudi. Nilijua ungenitia moyo au ungenikataza, na nilikuwa nimeshaamua, sikutaka kusukumwa upande wowote. Kikao kilikuwa jana. Keti nikusimulie.

Nianze na jambo lililonipata kabla. Siku ile barua yako ya kuniambia niondoe sahani ilipofika, niliisoma nikaikunja nikaitia kwenye mfuko wa aproni. Nikasema moyoni, kijana ameshakuwa mzungumzaji huyu. Saa kumi na moja jioni hivi, mlango wa jikoni ukabishwa. Mke wa Fundi Saa. Huwa tunasalimiana barabarani tu. Amebeba mchicha wa bustani yake, ameuosha na kuufunga vizuri, ananipa kwa mikono miwili. Nikamuuliza wa nini. Akasema:

"Nimekuja kukushukuru. Mwenzangu nyumbani hagusi chakula, miezi sasa, anasema amekula kwako. Nilikuwa siamini. Lakini siku hizi nikipita namwona dirishani, sahani iko mbele yake. Angalau najua anakula."

Mdogo wangu, sahani yenyewe ilikuwa nyuma yangu juu ya meza ya kukatia, imefunikwa na bakuli, inangoja zamu. Paja la kuku limekauka mpaka limebadilika rangi. Nilitafuta la kusema nikapata moja tu, karibu. Akaenda zake amefurahi.

Nikatoka nikaenda kumtazama Fundi Saa. Kila siku namwona, lakini siku hiyo ndiyo nilimtazama. Shati linamning'inia mabegani. Mkono unaoshika bisibisi ndogo za saa unatetemeka hata kwenye chupa. Na mimi namwekea kuku wa maonyesho ili mkaguzi apite, na kumbe mkaguzi hakuwa peke yake pale dirishani. Nilimdanganya afisa, sawa, hilo ningelibeba. Yule mama sikupanga kumdanganya, lakini nilimdanganya vibaya zaidi.

Nilimwaga ile sahani kwenye pipa mbele ya wahudumu wote. Nikapika mlo mpya, nikaupeleka mwenyewe, nikaondoa bia, nikaketi mbele ya Fundi Saa nikamwambia ale. Akala matonge mawili. La tatu lilimshinda. Akanitukana, akainuka, akavuka barabara kwenda baa. Sikumfuata. Nilikwenda kwa mkewe, nikamkuta anafua, nikamweleza kila kitu, sahani na zamu zake. Aliendelea kufua ile nguo moja muda mrefu, halafu akaniambia niende. Siku tatu sikula wala sikutaka kuongea na mtu. Mzee wa Trei alidhani ni presha.

Sasa kikao. Chumba kidogo, feni inapiga kelele, wajumbe wana chupa zao za maji na mwenyekiti ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Bwana Futi akasimama kusoma ripoti. Mimi nimejiandaa kusagwa. Nikamsikia anasoma kwamba Ijumaa ile mlo wa meza ya dirishani ulikuwa umeagizwa na ulikuwa unaletwa, na kwamba kila alipopita baadaye alikuta vinywaji vinaandamana na chakula. Mwenyekiti akafunga faili. Akaniuliza kama nina la kuongeza, kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kula.

Sijui nini kilimwingia Bwana Futi. Labda alimhurumia mwanamke mwenye mkahawa, labda hakuona vizuri. Kimya changu tu kilikuwa kinatosha, leseni ningeondoka nayo mkononi. Nakuapia nilitamani. Miguu ilikuwa imeshaanza kugeukia mlango. Lakini akilini nilimwona yule mama na mchicha wake, nikajua nikitoka hapo na karatasi ile sitaweza tena kumwekea mtu sahani mbele yake bila kujiuliza.

Nikasema:

"Hakuna mlo ulioagizwa. Na chakula alichokiona mkaguzi dirishani kilikuwa sahani moja inayozunguka, hailiwi. Ni mimi niliyeruhusu."

Mwenyekiti akavua miwani, akamuuliza Bwana Futi huo mlo uliokuwa unaletwa aliuonaje. Akasema aliambiwa. Akaulizwa na nani. Akasema hakumbuki. Nilimwonea huruma kweli, mtu mzima anatoka jasho kwenye kola.

Halafu mjumbe mmoja akaniuliza kwa dharau kama sina ndugu serikalini wa kunisaidia, maana naonekana mjinga. Hapo ndipo nilipopata nguvu. Nikamwambia ninaye. Nina mdogo wangu, afisa wa leseni halmashauri ya jirani. Nilimwomba ampigie mkaguzi akakataa, nikamwomba tena akakataa, nikamtukana akakataa. Nikawaambia, ndugu zangu, mimi ndiye niliyemlea, na amenishinda. Nilikutaja kwa cheo chako chote. Wakaandika. Mwenyekiti akasema laiti maafisa wote wangekuwa hivyo, na akataka iingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Leseni ya vileo imesimamishwa nusu mwaka, na onyo la mwisho. Hawakunifuta, kwa sababu nilisema mwenyewe. Bwana Futi atachunguzwa. Nitahangaika, sikufichi. Nimeshaweka tangazo la supu na mkate wa asubuhi, tufungue mapema kabla ya watu kuingia kazini. Mzee wa Trei amekataa kuondoka, anasema atabeba uji kama alivyobeba bia.

Nisamehe kwa maneno yangu. Ulikuwa na haki tangu mwanzo, na nilipokuwa nimesimama pale nilikuwa nakuegemea wewe. Mama angekuwapo angetembea mji mzima akikusema.

Dada yako


Nyumbani, tarehe 3 Julai

Dada,

Kufikia sasa umeshaisoma barua yangu ya tarehe 25. Zimepishana njiani. Unajua aliyemwingia Bwana Futi.

Nimesoma yako mara nyingi nikitafuta mahali pa kujificha, sikupata. Wewe ulikuwa unapanda mimi nikishuka, na wala hatukuonana. Ulisema kweli mbele ya kamati, isipokuwa neno moja, na neno hilo lilikuwa la kunisifu. Uliliamini, kwa hiyo hukudanganya. Aliyedanganya kwa mdomo wako ni mimi.

Bwana Futi amenipigia. Anasema hajanitaja na hatanitaja, lakini sasa lile neno lake dogo la kuniomba limekuwa kubwa. Anataka nimwandikie barua ya kwamba siku ile tulizungumza mambo ya mpira. Alisema kwa upole. Amesema pia kwamba kwa vile nimesifiwa kwenye kumbukumbu, hakuna atakayenishuku.

Hilo ndilo limenimaliza. Kama ningekuwa natajwa vibaya ningeweza labda kunyamaza, nikangoja. Lakini kukaa ofisini nimesifiwa kwa jambo nililolivunja, na yeye ananishika kamba shingoni, siwezi.

Nimeomba kuonana na mkurugenzi Jumatatu, saa nne asubuhi. Nitamweleza simu ile, nilipiga lini na nilisema nini. Huenda nikafukuzwa. Bwana Futi ataumia zaidi kwa sababu yangu, na hilo nalo nitalisema, kwamba nilimwomba mimi. Wifi yako analia lakini amenipigia pasi shati.

Usije ukaniambia ni kwa ajili yako. Ulikuwa umeshaacha kuniomba. Nilipiga baada ya hapo.

Mdogo wako


Mkahawani, tarehe 5 Julai

Mdogo wangu,

Hii nampa dereva wa basi la mchana, posta wataichelewesha.

Barua zako zote mbili ninazo mezani. Ya kwanza niliisoma nikataka kuja kukuchapa. Ya pili niliisoma nikakaa chini kwenye gunia la viazi. Nilipiga mahesabu ya kila namna ya kukuokoa. Nirudi kwa mwenyekiti niseme nilikosea jina, niseme sina ndugu, niseme nimechanganyikiwa. Halafu nikajicheka. Ndivyo sahani ile ilivyoanza, kila mtu akimhurumia mwenzake.

Kwa hiyo sikukatazi. Nenda, sema yote, usijipunguzie na usijiongezee. Kazi ikiondoka, iondoke. Mikono unayo.

Lakini Jumatatu nafunga mkahawa, nimeshawaambia wafanyakazi. Naja na basi la alfajiri. Nitavaa lile gauni la kijani ili unione kwa mbali, nitakaa kwenye benchi nje ya mlango wa mkurugenzi, na mtu akiniuliza mimi ni nani nitamwambia ni dada yake huyo aliye ndani. Basi likichelewa, zungukazunguka uani, funga viatu, fanya lolote. Usiingie kabla sijafika.

Dada yako